Saa za Kampala na saa za ng'ambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kubadilisha tarehe katika programu

Haya ni maswali ninayoulizwa na vijana wanaotengeneza programu hapa Kampala, hasa wale ambao wateja wao wako Uingereza, Marekani au nchi jirani. Mifano mingi ni ya Python, kwa kuwa ndiyo wengi wanayoanzia, lakini kanuni ni zile zile katika lugha nyingine. Tarehe zote za mfano ni za mwaka 2026, ili uweze kuzijaribu mwenyewe. Saa zilizoandikwa kwa tarakimu, kama 17:00, ni za kizungu; zilizoandikwa kwa maneno ni za Kiswahili.

Uganda haisogezi saa. Kwa nini nihangaike?

Kwa sababu wenzako wanasogeza, na zikisogea kwao, wewe ndiye unayeonekana umechelewa.

Sisi hatuna haja ya kusogeza. Ukitoka Kampala kwa barabara ya Masaka, unavuka ikweta pale Kayabwe. Kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, Januari hadi Desemba. London si hivyo: mwezi Juni jua linazama saa tatu usiku imepita, na Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Ndiyo maana wao husogeza saa mbele wakati wa majira ya joto na kuzirudisha majira ya baridi yakikaribia.

Mashabiki wa mpira wanalijua hili kuliko developa wengi. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri kwa saa za Uingereza, mwezi Septemba tunaitazama saa kumi na moja jioni. Novemba tunaitazama saa kumi na mbili. Aliyepanga ratiba hakugusa kitu. Waingereza wamerudisha saa zao nyuma, basi.

Tofauti kati yetu na wao ni saa ngapi hasa?

Sisi tuko UTC+3 mwaka mzima, yaani saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia. London huwa nyuma yetu kwa saa 2 majira ya joto na saa 3 majira ya baridi. New York huwa nyuma yetu kwa saa 7, kisha 8.

Linalowanasa wengi ni kwamba Marekani na Uingereza hazibadilishi siku moja. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza, pamoja na Umoja wa Ulaya, hutumia Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa mwaka 2026, New York inabadilisha tarehe 8 Machi na London tarehe 29 Machi. Katika wiki hizo tatu, New York iko nyuma yetu kwa saa 7, ambayo ni hesabu ya majira ya joto, huku London ikiwa bado nyuma kwa saa 3, hesabu ya majira ya baridi. Mkutano wa watu watatu, mmoja Kampala, mmoja London na mmoja New York, ukiwa umepangwa kwa hesabu ya kichwani, lazima mmoja wao atakosea. Mambo hujirudia kati ya tarehe 25 Oktoba na 1 Novemba.

Halafu usidhani Marekani yote ni moja. Hawaii haisogezi saa kabisa, na sehemu kubwa ya Arizona pia haisogezi.

Si ninaweza kuweka sharti tu: Aprili hadi Oktoba jumlisha 2, miezi mingine jumlisha 3?

Usifanye hivyo. Nakuomba kabisa.

Niliwahi kuitwa kusaidia mfumo wa masomo ya mtandaoni ambamo walimu wa hapa walifundisha watoto walio London. Masomo yalikuwa saa kumi na moja jioni kwa saa za London, yaani saa moja usiku kwetu. Aliyeandika mfumo alijumlisha saa 2 kwa mkono, na kuanzia Mei hadi Oktoba kila kitu kilikwenda sawa. Ikafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Jumatatu yake, ujumbe wa kukumbusha ukawafikia walimu saa moja kasorobo usiku kama kawaida, nao wakaingia darasani. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Mwalimu mmoja wa Ntinda alikuwa amenunua bando la saa moja tu, la kutosha somo hilo. Bando lilipokwisha, ndipo watoto walipoanza kuingia, kwa sababu kwao saa kumi na moja ilikuwa imefika wakati huo. Wazazi wakaandika kulalamika kwamba mwalimu hakutokea, na mfumo ukamkata malipo ya siku hiyo.

Mwalimu yule hakuwa na kosa lolote. Nambari 2 iliyoandikwa kwenye msimbo ndiyo iliyomla posho yake. Tangu siku ile, nikiona msimbo wa mtu una `+ 2` au `+ 3` karibu na neno saa, namsimamisha hapo hapo.

Basi njia sahihi ni ipi?

Itaje kanda ya saa kwa jina lake kamili, kisha uiachie maktaba ihesabu. Majina hayo hutoka katika hifadhidata ya kanda za saa inayotunzwa chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti, na huandikwa kwa bara na mji: `Africa/Kampala`, `Europe/London`, `America/New_York`. Ndani yake mna kanuni za kila nchi, pamoja na historia ya mabadiliko yake.

```
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo

london = ZoneInfo("Europe/London")
kampala = ZoneInfo("Africa/Kampala")

ijumaa = datetime(2026, 10, 23, 17, 0, tzinfo=london)
jumatatu = datetime(2026, 10, 26, 17, 0, tzinfo=london)

print(ijumaa.astimezone(kampala))    # 2026-10-23 19:00:00+03:00
print(jumatatu.astimezone(kampala))  # 2026-10-26 20:00:00+03:00
```

Tazama mistari miwili ya mwisho. Saa za London ni zile zile, 17:00, lakini kwetu zimetoka saa moja usiku zikawa saa mbili. Hakuna mahali nilipojumlisha chochote. Mwalimu wa Ntinda angepata ujumbe wake kwa wakati.

`zoneinfo` imo ndani ya Python kuanzia toleo 3.9. Ukiwa unatumia Windows, sakinisha pia kifurushi cha `tzdata`, kwa sababu Windows haiji na hifadhidata hiyo. Ukitumia kontena dogo kama la Alpine, kagua vilevile, maana mara nyingi haimo.

Natumia pytz, na saa zangu za Kampala zinakosea kwa dakika 33. Dakika hizo zinatoka wapi?

Swali hili nalipenda. Ukiandika hivi:

```
datetime(2026, 5, 4, 9, 0, tzinfo=pytz.timezone("Africa/Kampala"))
```

utapata tofauti ya saa 2 na dakika 27 badala ya saa 3. Maktaba ya `pytz` iliundwa kabla Python haijaweza kushughulikia kanda za saa vizuri, na ukiipachika moja kwa moja namna hiyo inachukua mstari wa kwanza kabisa wa historia. Mstari huo ni wa saa za jua, zile zilizotumika kabla serikali ya kikoloni haijaweka saa rasmi. Na kwa kuwa katika hifadhidata ya sasa `Africa/Kampala` ni jina linaloelekezwa kwa `Africa/Nairobi`, jua lenyewe ni la Nairobi: saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Kwa hiyo saa 9:00 uliyoandika inahesabiwa kuwa 6:33 UTC, na ukiirudisha Kampala kwa njia sahihi inatoka 9:33. Ujumbe wako utachelewa kwa dakika 33 kila siku na hutajua kwa nini.

Ukilazimika kubaki na `pytz`, tumia `localize()`. Usipolazimika, hamia `zoneinfo`.

Kuelekezwa huko kwa Nairobi kuna jambo jingine. Hifadhidata hukusudia kuwa sahihi kuanzia mwaka 1970. Kabla ya hapo Kampala na Nairobi hazikufuata saa moja nyakati zote, kwa hiyo anayeshughulikia kumbukumbu za miaka ya 1930 au 1940 asitegemee jibu la kompyuta mpaka dakika.

Nimeambiwa kuna saa "isiyokuwepo". Maana yake nini?

New York, tarehe 8 Machi 2026, saa inafika 1:59 usiku wa manane na dakika inayofuata ni 3:00. Saa 2:30 ya siku hiyo haipo. Hakuna saa ya ukutani itakayoionyesha. Lakini Python haitakukatalia ukiiandika. Itaipokea, na ukiipeleka UTC kisha kuirudisha New York, itatoka 3:30. Java, kupitia `ZonedDateTime`, nayo huisogeza mbele kwa urefu wa pengo.

Kama programu yako inapokea saa kutoka kwa mteja, jaribu safari hiyo ya kwenda na kurudi. Saa ikirudi tofauti na ilivyoondoka, mwambie mteja saa hiyo haipo, achague nyingine. Usimchagulie kimyakimya.

Na saa inayotokea mara mbili?

Hiyo ni kinyume chake. London, tarehe 25 Oktoba 2026, saa inafika 2:00 usiku wa manane na inarudishwa 1:00. Saa 1:30 inapita mara mbili. Ya kwanza ni 3:30 kwetu, ya pili ni 4:30. Python inazitofautisha kwa `fold`, 0 kwa ya kwanza na 1 kwa ya pili:

```
a = datetime(2026, 10, 25, 1, 30, tzinfo=london, fold=0)
b = datetime(2026, 10, 25, 1, 30, tzinfo=london, fold=1)
print(a.astimezone(kampala))  # 03:30
print(b.astimezone(kampala))  # 04:30
```

Kwa miadi ya watu, saa hizo ni za kulala na haidhuru. Kwa malipo na kumbukumbu za mashine inadhuru sana: mashine mbili zinaweza kuonekana zimefanya kazi kwa mpangilio uliopinduka. Matukio ya mashine yaandike kwa UTC tangu mwanzo, tatizo hili halitakufikia.

Kumbe nihifadhi kila kitu kwa UTC?

Yaliyopita, ndiyo. Yajayo, hapana.

Malipo yaliyofanyika, mtu aliyeingia kwenye akaunti, ujumbe uliotumwa: hayo yametokea, na UTC inayatunza bila utata. Lakini miadi ya mwezi ujao ni ahadi kati ya watu, na watu huahidiana kwa saa ya ukutani ya mahali fulani. Serikali ya mahali hapo inaweza kubadilisha saa kabla siku haijafika.

Si jambo la kufikirika. Jirani zetu wa Sudan Kusini walikuwa na saa sawa na sisi hadi tarehe 1 Februari 2021, walipozirudisha nyuma kwa saa moja, wakawa UTC+2. Fikiria mfanyabiashara wa Kampala aliyekuwa amepanga, mwezi Desemba 2020, kukutana na mteja mjini Juba saa 9:00 asubuhi ya siku moja ya Machi. Mfumo uliohifadhi ahadi hiyo kama 6:00 UTC, baada ya mabadiliko ungeionyesha kama saa 8:00 ya Juba. Mteja wa Juba hakuahidi saa 8:00. Aliahidi 9:00.

Kwa hiyo ya mbele hifadhi vitu viwili: saa ya ukutani, `2021-03-10 09:00`, na jina la kanda, `Africa/Juba`. UTC ihesabiwe siku ikikaribia, au ihesabiwe upya kila hifadhidata ya kanda inaposasishwa. Na uisasishe kweli. Misri ilirudia kusogeza saa mwaka 2023 baada ya kuacha kwa miaka kadhaa. Seva ambayo haijaguswa tangu 2022 haina habari.

Jirani zetu wengine je?

Kenya na Tanzania tuko sawa. Basi la kupitia Busia, Malaba au Mutukula halibadilishi saa. Rwanda na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja mwaka mzima, bila kusogeza. Anayeandika programu ya tiketi za basi la Kampala kwenda Kigali aonyeshe saa ya kuondoka kwa saa za Kampala na ya kufika kwa saa za Kigali, na aandike jina la mji pembeni ya kila saa. Abiria akihesabu muda wa safari kwa kutoa saa moja kwenye nyingine, atapunjika saa nzima.

Nikitaka kuongeza siku moja, niongeze saa 24?

Inategemea unachokusudia. "Kesho saa hii hii" na "baada ya saa 24" kwetu ni kitu kimoja, London si kimoja siku ya kubadilisha: siku moja ina saa 23 na nyingine ina 25. Python, ukiongeza `timedelta(hours=24)` kwenye saa yenye kanda, inasogeza saa ya ukutani, yaani inakupa "kesho saa hii hii". Ukitaka muda halisi uliopita, peleka UTC kwanza, ongeza, kisha rudisha. Hali ni hiyo hiyo unapotoa saa moja kwenye nyingine zilizo katika kanda moja.

Tarehe za kuzaliwa za wateja wangu zinarudi nyuma siku moja. Ni nini?

JavaScript, karibu kila mara. Ukiunda usiku wa manane wa Kampala na kuugeuza maandishi:

```
new Date(2026, 2, 8).toISOString()
// "2026-03-07T21:00:00.000Z"
```

kivinjari kilichoko Kampala kinautafsiri kwa UTC, na kwa UTC bado ni saa tatu usiku ya jana. Ukikata herufi kumi za mwanzo, mtoto amezaliwa tarehe 7. Upande wa pili, `new Date("2026-03-08")` husomwa kama UTC. Hapa kwetu inaonyesha tarehe sahihi, saa tisa usiku, na hutaona kasoro yoyote. Mteja wa New York ndiye atakayeona tarehe 7.

Tarehe ya kuzaliwa haina saa wala kanda. Ihifadhi kama maandishi `2026-03-08`, au katika safu ya aina ya `date`, na usiipitishe kwenye `Date` hata kidogo.

Kwenye hifadhidata nitumie aina gani?

PostgreSQL: `timestamptz` kwa yaliyopita. Jina lake linadanganya kidogo, maana haihifadhi kanda uliyoipa. Inageuza kuwa UTC na kusahau ilikotoka. Kusoma kwa saa zetu: `SELECT kuanza AT TIME ZONE 'Africa/Kampala'`.

MySQL: `CONVERT_TZ` ikikurudishia `NULL`, majedwali ya kanda hayajapakiwa. Yapakie kwa `mysql_tzinfo_to_sql`.

Na ripoti za siku! Ukipanga miamala ya wakala wa pesa za simu kwa tarehe ya UTC, ya kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku inaingia hesabu ya jana, na wakala hawezi kufunga daftari lake. Geuza kwanza kuwa saa za Kampala, ndipo upange kwa tarehe.

Naweza kuandika EAT (saa za Afrika Mashariki) au GMT+3 badala ya jina refu?

Hapana. Vifupisho vinagongana: IST ni India, Israel na Ireland. Na `Etc/GMT-3` ndiyo UTC+3, alama imegeuzwa, jambo ambalo limewapotosha watu wengi wazuri.

Nionyesheje saa kwa Kiswahili, wakati kompyuta inasema 19:00 na sisi tunasema saa moja?

Maktaba hazitakusaidia hapa. `Intl.DateTimeFormat` ukiipa `sw-UG` itakupa majina ya siku na miezi kwa Kiswahili, lakini saa itabaki ya kizungu. Funksheni ni fupi:

```
def saa_ya_kiswahili(h):
    return (h + 6) % 12 or 12

def kipindi(h):
    if 4 <= h < 7: return "alfajiri"
    if 7 <= h < 12: return "asubuhi"
    if 12 <= h < 16: return "mchana"
    if 16 <= h < 19: return "jioni"
    return "usiku"
```

Hesabu hii ni ya kuonyesha tu. Iite mwishoni kabisa, baada ya kugeuza kuwa `Africa/Kampala`, na usihifadhi matokeo yake popote. Nimeona mtu ameihifadhi kama kanda yake mwenyewe ya UTC−3, na mambo yakavurugika.

Usiandike "saa 2:00" peke yake kwenye ujumbe wa simu. Hapa Kampala msomaji mmoja ataielewa kuwa saa nane mchana, mwingine saa mbili asubuhi. Andika zote: "saa mbili usiku (20:00)". Kuwa mwangalifu pia na tarehe za usiku. Mwanafunzi aliyeambiwa mwisho wa kutuma maombi ya ufadhili ni tarehe 31 Oktoba saa 23:59 za New York, kwa hapa ana hadi tarehe 1 Novemba saa 6:59 asubuhi, yaani saa moja kasoro dakika moja. Mwandikie "usiku wa kuamkia Jumapili" na tarehe zote mbili, ataelewa bila kuuliza.

Nitajuaje kama msimbo wangu ni mzima, ilhali kompyuta yangu haibadilishi saa kamwe?

Usingoje Oktoba ifike. Andika majaribio yenye tarehe zilizokazwa. Kwa 2026 mimi hutumia hizi: 7 na 9 Machi kwa New York, 15 Machi kwa mkutano wa miji mitatu, 28 na 30 Machi kwa London, 25 Oktoba saa 1:30 kwa `fold` zote mbili, kisha 31 Oktoba na 2 Novemba kwa New York. Halafu endesha majaribio yote mara tatu, kila mara ukibadilisha kanda ya mashine yenyewe:

```
TZ=UTC pytest
TZ=Africa/Kampala pytest
TZ=America/New_York pytest
```

Jaribio linalofaulu Kampala na kuanguka New York limekuonyesha mstari unaotegemea saa ya mashine. Anza kurekebisha hapo.